Vivumishi Hutangulia

Jumanne na Alhamisi, saa moja usiku,
nyuma ya duka la Mama Ndeshi la kukodisha majaketi, Kiboriloni,
tunakalia marobota ya mifuko ya kulalia
na Mwalimu Anandumi anamwaga sentensi mezani.
Amezikata kwa mkasi wa vitenge,
kila neno na kipande chake cha boksi la majani ya chai.
"Zipangeni," anasema, "mgeni asije akapotea."

Mimi napanga nilivyozaliwa:
mizigo, yangu, miwili, mizito, iliyolowa.
Mizigo mbele, wanawe nyuma,
sare moja, kama ukoo unaokwenda kanisani.
Mwalimu anatikisa kichwa.
Kwao, anasema, anatangulia mwenye mali,
kisha idadi, kisha uzito, kisha maji yaliyolowesha,
na mizigo yenyewe inakuja mwisho kabisa,
na hakuna aliyevaa sare.

Nikanyamaza. Nikaiona njia ya Machame.
Asubuhi wageni wanaondoka na fimbo mbili mbili,
sisi tunabaki kung'oa mahema, kusugua sufuria,
halafu tunawapita palepale penye mawe,
pole mama, pole kaka, ndoo kichwani,
na tunafika kabla yao.
Hema limesimama. Maji yanachemka. Bisi ziko kwenye sahani.
Ndipo nomino anaibuka kwenye ukungu, akitweta,
anauliza kama hapa ndipo.

Kumbe mimi ni kivumishi.
Miaka kumi na moja naitembea sarufi ya Kiingereza
na hakuna aliyenipa cheti.

Alhamisi ni zamu ya nahau. Hizi hazikatwi kwa mkasi.
Mvua ya paka na mbwa tuliikubali;
Shira tumenyeshewa na wakubwa kuliko hao.
Kazi nyepesi kuitwa kipande cha keki, hapo Sia akabisha,
yeye huoka za harusi kule Rau:
"Aje asimame jikoni toka alfajiri, halafu aniambie."
Tukampa mwalimu za kwetu azivushe,
mkono wa birika, kuvaa miwani.
Nikakiri kwamba nilishamwambia mgeni mmoja
mpishi wetu amevaa miwani tangu mchana,
naye akaniuliza, kwa huruma, ni namba ngapi.

Kisha mwalimu akaandika ile ubaoni.
Vunja mguu.
Ni dua njema, akasema,
huambiwa mtu anayekwenda kwenye jambo kubwa.

Cherehani ya jirani ikasikika mshono kwa mshono.
Hakuna aliyemtazama Terewaeli
wala gongo lake, lililoegemea ukuta
katikati ya fimbo za kukodisha, kama moja yao.
Februari ile, chini ya Mnara wa Lava,
jiwe lilivaa barafu, yeye kabeba kilo ishirini.
Tulimshusha watu sita kwa machela ya gurudumu moja,
na njia nzima alikuwa anaomba radhi.

Mwalimu akashika kifutio.
"Acha," akasema Terewaeli.
Akavuta vipande vya boksi kama anayepanga karata,
akakosea, akarudia, kisha akatusomea
kwa Kiingereza kilichonyooka:
mimi nilitakiwa kheri mapema mno,
ikaja na hogo hadi kiunoni.
Sia akacheka, akaziba mdomo.
Tukacheka wote, hata mwalimu, ameshika kifutio.

Jumatatu ana usaili, mapokezi ya hoteli.
Wakati Mama Ndeshi anatafuta kufuli
tulisimama barazani, tumekosa la kusema.
Kiswahili kilinipa kila la kheri.
Kichaga kilinipa neno la bibi, zito, la kutemewa mate kifuani.
Nikachukua lile la ubaoni,
nikalipanga sawasawa, kitenzi mbele, mguu nyuma,
nikamwambia.

Akaniangalia.
"Upi?" akauliza. "Umebaki mmoja."